Zamu ya Nyumba ya Devane

Padri Hanratty alipotangaza kwamba zamu ijayo ya misa ni nyumbani kwa Devane, Sabina Tansey alikuwa akimimina chai, na watu wote waliojazana jikoni kwake wakaacha kutafuna. Chai ikafurika kikombe, ikafurika na kisahani, na mwenye kikombe hakuthubutu kusema kitu.

Pale kijijini Currabeg misa ya nyumbani huzunguka nyumba kwa nyumba, Aprili na Oktoba. Anayeangukiwa na zamu hupaka kuta chokaa, huosha madirisha, husugua hata vitu ambavyo Mungu hana haja ya kuviona. Sabina alikuwa amesugua mpaka miguu ya viti. Padri alikuwa amesoma misa juu ya meza yake ya jikoni, akamuuliza, kama ilivyo desturi, majina ya marehemu wa nyumba, naye akayataja kwa sauti kavu: baba yake, mama yake, na Malachy, kaka yake. Kisha watu wakakaa kula mayai na mkate wa magadi, na huyu Padri, mgeni wa mwaka mmoja tu pale, akafuta mdomo akasema neno lake kana kwamba anasema kutanyesha.

"Na sanduku nalo litakwenda huko?" akauliza Sabina.

"Sanduku huenda iliko misa, Sabina."

"Basi misa itafute sanduku jingine. Hili halitoki humu kwenda kwa Devane nikiwa na pumzi."

Dinny Scully, mwenye baa, akacheka mpaka makombo yakamtoka. "Umesikia, Padri? Sanduku limekataa kusafiri!"

Sanduku lenyewe lilikuwa chini ya dirisha, la mbao nyeusi, na ndani yake mna vinara viwili, msalaba, kengele ndogo na kitambaa cha altare kilichotiwa viraka na mabibi waliokwisha kuoza. Halikuwa la kanisa wala la mtu. Lilikuwa la Currabeg, tangu enzi ambazo watu walisali kwa kujificha, na lilipita kutoka nyumba iliyomaliza zamu hadi nyumba inayofuata, likikabidhiwa na mwenye nyumba mwenyewe. Nyumba isiyopelekewa ilikuwa imerukwa. Padri angeweza kuja na vinara vyake vya kanisani, ndiyo, lakini hiyo ingekuwa sawa na mtu kwenda harusini amebeba kiti chake. Na nyumba iliyorukwa mara moja, watu husahau njia ya kwenda huko hata siku ya msiba.

"Hilo si lako la kuzuia," akasema Padri kwa upole.

"Na Malachy hakuwa wake wa kumuua. Chai, Padri?"

Padri akasema chai imetosha.

*

Lorcan Devane alizaliwa shamba la pili kutoka kwa Tansey, kwenye mawe yaleyale. Watoto wa Currabeg walikwenda shule pekupeku, naye pekupeku pamoja nao, ila kichwa chake kilikuwa cha namna nyingine. Mwalimu akamwombea afanye mtihani wa kusomeshwa bure mjini, na kwa kuwa mtihani ule haukufanywa pekupeku, Malachy Tansey akavua viatu vyake vya Jumapili akampa rafiki yake. Devane akavivaa, akafaulu, akaenda zake, na viatu havikurudi. Sabina alizoea kusema kwamba ujaji wa mtu yule ulianza na wizi.

Akawa wakili. Akaoa mwanamke wa mjini aliyefariki mapema bila kumwachia mtoto. Akajifunza lugha za watu ambao Currabeg haijawahi kuwaona, akaandika vitabu vya sheria ambavyo Currabeg haijawahi kuvifungua, na angali kijana akavikwa joho akawa jaji. Na mwaka huohuo, Ulaya ikiungua kwa vita vya Hitler na serikali ya kwao ikiogopa kivuli chake, polisi wakafukua bunduki za waasi nyuma ya zizi la Tansey.

Malachy hakueleza kamwe bunduki zile zilifikaje pale, hata kwa dada yake, na Sabina hakuwahi kudai kwamba hakuzijua. Alichodai ni kingine. Malachy alichukuliwa Jumatatu na kuwekwa kituoni bila wakili, bila mama, bila mtu, na kufikia Ijumaa alikuwa ametia sahihi maneno ya kukiri kila jambo waliloliuliza, hata la usiku ambao alikuwa amelala hoi kwa homa mbele ya macho ya Sabina.

Kesi ikamwangukia Devane. Wajuzi walisema angeweza kujitoa, maana mtuhumiwa ni jirani yake. Hakujitoa. Sabina na mama yake walikaa juu, kwenye mabenchi ya watazamaji, wakamwona Malachy akisimama kuapa. Akainua mkono wa kushoto. Jaji Devane akatazama chini kutoka kwenye kiti chake, akasema, "Mkono wa kulia, tafadhali." Malachy akajaribu. Mkono ukafika kiunoni ukakwama hapo, ukitetemeka, mpaka karani wa mahakama akaja akaushika kwa kiwiko akauinua yeye, na Malachy akaapa huku jasho likimtiririka. Jaji aliona. Mahakama nzima iliona. Mwishoni Jaji akasema haoni sababu ya kulitilia shaka neno la polisi, akamfunga miaka saba.

Malachy alitoka kabla haijaisha, kwa kuwa mapafu yalikuwa yameisha. Akafia kitandani nyuma ya jiko, Sabina akiwa amemshikia beseni, na palepale, kabla hajamfumba macho, Sabina akamwambia marehemu kwamba nyumba ya Devane haitaonja kitu kutoka kwake, hata maji.

Devane alikuja msibani. Alipanga mstari kama watu wengine, kofia mkononi, na alipomfikia Sabina akanyoosha mkono wa pole. Sabina akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo. Currabeg haikuwa imeona jambo hilo. Hata waliochomeana nyasi hupeana mkono mbele ya jeneza. Devane akabaki amenyoosha mkono hewani, kisha akauteremsha, akatoka, akasimama barabarani kwenye mvua mpaka maiti akapita.

Baada ya hapo akapanda na kupanda. Akawa Jaji Mkuu, na mwisho, vyama viliposhindwa kuafikiana juu ya mtu mwingine, wakamfanya Rais wa nchi. Usiku ule Currabeg iliwasha moto juu ya kilima, wakachoma mapipa ya lami, Dinny Scully akagawa bia. Sabina alishusha mapazia akalala. Redio ilipotaja Devane, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi. Gazeti lenye picha yake lilifaa kuwashia jiko. Kwa hiyo urais wote wa Lorcan Devane ulimpita Sabina kama treni inavyompita ng'ombe, na alipojua kwamba mtu huyo ameacha kiti katikati ya muhula na kurudi kuishi na dada yake kwenye nyumba ya mama yao, hakuuliza kwa nini. Anguko alilifurahia bila kujua habari zake.

*

Mwezi wa Septemba Attracta Devane akaja. Alikuwa mrefu, mkavu, hajaolewa, na amekuwa akiishi peke yake na ng'ombe wake miaka yote kaka yake alipokuwa akila na mabalozi. Zamani, walipokuwa wasichana, yeye na Sabina walilala kitanda kimoja. Alisimama nje ya mlango wa nusu mbili, ya juu ikiwa wazi, naye Sabina akasimama ndani, ameegemeza viwiko juu ya nusu ya chini.

"Nimekuja kuchukua sanduku."

"Umekuja mkono mtupu, utaondoka mkono mtupu."

"Sabina, mimi sikuombi. Si mali ya baba yako."

"Wala ya baba yako. Kaa nalo mbali."

"Nimepaka chokaa nyumba nzima kwa mikono hii. Nimepanda juu ya ngazi na goti langu hili. Daktari ameniambia moyo wa Lorcan umechoka, hamalizi mwaka mwingine. Anataka misa nyumbani mara moja, na majirani, kama mama alivyokuwa nayo. Ni kubwa hilo?"

"Majirani!" Sabina akacheka. "Majirani gani? Waliokuwa wakimwashia mapipa? Kawaulize leo wanamwitaje."

"Najua wanavyomwita. Mimi ndiye ninayepita dukani. Akifa, Sabina, atabebwa na nani? Nitambeba mimi na yule ng'ombe?"

Sabina alihisi kitu kikimchoma kifuani, akakikasirikia. "Malachy alibebwa na watu wanne. Hakuwa mzito. Muulize kaka yako alimpunguza vipi."

"Una roho ya jiwe."

"Nilipewa na nyumba yenu. Kama analitaka sanduku, aje mwenyewe. Asimame hapo uliposimama wewe. Asitume wanawake."

Attracta akageuka akaenda zake, na hakusema kwaheri.

*

Kijiji, kwa mara ya kwanza tangu Malachy alipozikwa, kilikuwa upande wa Sabina. Alipoingia dukani kwa Dinny Scully, ambako mbele kuna unga na chumvi na nyuma kuna bia, wanaume walimnyanyukia. Mmoja akamshika bega akamwambia asilegeze kamba. Mwingine akamwambia wameshapatana: siku ya misa ile hakuna atakayekwenda. Padri atawasomea Mheshimiwa na dada yake, na kuku wakitaka.

"Kwa ajili ya Malachy," akasema Dinny, akiinua glasi.

"Kwa ajili ya Malachy," wakaitikia nyuma kule.

Sabina akaomba kilo ya sukari. Hakuwa amesahau kwamba watu haohao walikunywa bia ya bure usiku wa mapipa.

"Tungekuwa na barabara ya lami sasa," Dinny akaendelea. "Tungekuwa na kiwanda cha soksi, kilishaahidiwa. Rais wa kwetu wenyewe! Na anakwenda kutupa kiti kwa sababu ya kununa. Kwa nini? Kwa ajili ya wahuni wa mabomu!"

"Wahuni gani?" akauliza Sabina, zaidi kwa sababu sukari ilikuwa haijapimwa.

"Mama, wewe unaishi wapi? Sheria ile! Mabomu yanalipuka, watu wanakufa, serikali inaleta sheria kwamba polisi wamshike mtu siku saba kituoni, bila mahakama, bila wakili, bila kelele. Ilimfikia ili aweke sahihi. Kazi yake ilikuwa kuweka sahihi! Mheshimiwa akagoma. Ati mpaka majaji waitazame kwanza. Mawaziri wakamtukana mchana kweupe, Waziri Mkuu asimtetee, naye akanuna akabwaga ufunguo wa Ikulu. Siku saba tu!" Dinny akafunga mfuko wa sukari kwa uzi, akawakonyeza wenzake. "Nipe mimi mtu siku saba mikononi mwa polisi. Hata bubu ataimba."

Wakacheka. Walicheka kwa moyo, wanaume wazima, wengine wao walikuwa wamebeba jeneza la Malachy.

Sabina hakucheka. Alisimama pale kaunta akiwa ameushika mfuko, na alichokiona kilikuwa kiwiko cha kaka yake mkononi mwa karani. Kilichompanda hakikuwa huruma. Ilikuwa hasira, tena mpya kabisa, ya moto kuliko ile ya zamani. Kwa hiyo alijua! Mtu hagomi kutia sahihi jambo kama hilo, akatupa na kiti cha urais kwa ajili yake, asipokuwa amewahi kuona lilivyo. Alijua siku ile kwenye kiti chake cha juu, akajua kila siku baada yake, na akakaa kimya mpaka akawa mkubwa wa nchi.

"Mmemaliza kucheka?" akasema.

"Sabina, tunamcheka yeye, si..."

"Nimesikia mnamcheka nani, Dinny Scully. Sina masikio ya kuazima."

Akatoka, akasahau chenji, na Dinny hakumkimbilia nayo.

*

Devane alikuja mwenyewe, siku mbili kabla ya misa, mchana, na manyunyu yanaanguka. Attracta alibaki kwenye gari barabarani. Sabina alimwona dirishani akipanda njia kwa fimbo, akisimama kupumua, na alimwacha apande yote bila kufungua. Alipobisha ndipo akafungua ile nusu ya juu tu.

Alikuwa amezeeka kuliko picha zilizowashiwa jiko. Akavua kofia.

"Sabina. Uliniita."

"Nilikuita nyumbani kwangu? Sikumbuki. Nilisema ukilitaka sanduku uje."

"Nimekuja."

"Viatu vya Malachy umevileta?"

Akatazama chini, si kwa mzaha, kama mtu anayetazama kweli kama amevivaa. "Hapana," akasema.

"Nimesikia kuhusu sheria yako. Nimechelewa kusikia, nilikuwa nazima redio. Kwa nini uliikataa?"

"Sikuikataa. Niliipeleka kwa majaji. Si vizuri nizungumzie kazi za ofisi mlangoni pa mtu."

"Mungu wangu!" Sabina akapiga ubao wa mlango kwa kiganja. "Bado uko kwenye kiti! Nisikilize, Lorcan Devane. Nauliza moja tu. Siku ile alipoinua mkono wa kushoto ukamwambia wa kulia, tafadhali. Karani akauinua. Ulijua walichomfanya, au hukujua?"

Maji yalikuwa yakimdondoka kwenye nyusi. Mdomo wake ukafunguka, na Sabina akaona, kwa macho yake, neno likija mpaka kwenye meno.

"Nilihukumu kwa ushahidi uliokuwa mbele yangu," akasema Devane.

"Mkono wake ulikuwa mbele yako."

Devane alizungusha kofia vidoleni, duara moja, duara la pili, mzee mwenye lugha zote zile na vitabu vyote vile.

"Nenda," akasema Sabina. "Nenda kabla sijakutupia maji ya vyombo."

Akafunga. Akasimama nyuma ya mlango, akasikiliza fimbo ikiteremka, na alijichukia kwa kuwa alikuwa akisikiliza kama ataanguka.

*

Asubuhi ya misa Sabina aliamka akiwa ameshaamua kubaki, akawasha jiko, akakoroga uji wa shayiri. Nje kulikuwa kimya. Siku ya misa ya nyumbani barabara ya Currabeg huwa imejaa mapema, watoto wamechanwa nywele kwa maji, wanaume wamebanwa na kola. Leo hapakuwa na mtu. Akafungua mlango akaona moshi wa kila nyumba, na kwenye ukuta wa mawe ng'ambo ya barabara wameketi Dinny Scully na wenzake watatu na viko vyao vya tumbaku, wamekuja kutazama Padri apite peke yake.

Dinny akainua kofia. "Tupo pamoja nawe, mama! Mpaka mwisho!"

Ni hilo tu lililotokea. Mtu mwingine angelijibu kwa kupunga mkono. Lakini Sabina alisikia ile "pamoja", ikamkaa kooni kama mfupa. Pamoja na nani? Na mtu wa siku saba, na bubu ataimba? Kama Devane anafungiwa mlango kwa sababu safari hii alikataa watu wapigwe, na yeye, dada yake Malachy, ndiye anayeshika kitasa, basi Malachy anapigwa tena, na safari hii ni kwa mikono ya nyumbani.

Akarudi ndani. Akavaa koti la kanisani na kofia yenye pini. Akalikokota sanduku kutoka chini ya dirisha, akalibeba kifuani, zito kwelikweli kwa mwanamke wa umri wake, akatoka nalo.

Wale wanne ukutani wakanyanyuka.

"Sabina," akasema Dinny, "unakwenda wapi na hilo?"

"Macho unayo."

"Lakini wewe ndiye... Sisi tumekaa hapa kwa ajili yako!"

"Nani alikutuma? Malachy ni wangu, Dinny. Ugomvi ni wangu na hasira ni yangu, sijamwazima mtu. Ukitaka kumchukia Devane kwa sababu ya soksi, mchukie kwa jina lako." Akaliweka sanduku sawa kifuani. "Na toa hicho kiko mdomoni, leo ni siku ya misa."

Akapita. Hakumwomba mtu ampokee, na hakuna aliyethubutu. Kwenye milango wanawake wakatokeza, wakamwona Sabina Tansey akipanda kwenda kwa Devane amekumbatia sanduku. Chuki yote waliyokuwa wameiegemeza kwake ikabaki haina ukuta. Mmoja akaita watoto wavae viatu. Mwingine akauliza kola ya mume iko wapi.

Attracta ndiye aliyefungua. Jiko lilikuwa jeupe kwa chokaa, meza imewekwa wazi katikati, na karibu yake Padri Hanratty ameketi na mkoba wake wa kanisani miguuni, vinara vyake mwenyewe vikichungulia, amejiinamia. Vikombe vya watu wengi vilikuwa vimepangwa, na havina mtu. Devane alikuwa amesimama kando ya moto.

"Simletei yeye," Sabina akamwambia Attracta kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Naleta cha kijiji. Sogea."

Akatandika kitambaa mwenyewe, akaweka vinara, akawasha mishumaa, akaketi kiti cha mbele kabisa na mkoba wake magotini, akamkazia macho mwenye nyumba. Nyuma yake mlango ukaanza kulia. Wakaingia wawili wawili, wanakohoa, hawatazamani, mpaka jiko likajaa na waliobaki wakasimama uani. Wa mwisho alikuwa Dinny Scully, kofia mkononi, kiko kikifuka moshi mfukoni.

Misa ikaenda. Ikafika pale Padri anapogeuka.

"Marehemu wa nyumba hii," akasema, "tuwaombee nani?"

Devane akasogea mbele kama desturi inavyotaka. "Eoghan Devane, baba yangu," akasema. "Nora Devane, mama yangu. Eithne, mke wangu."

Padri akayarudia. Akafungua mdomo kuendelea.

"Na Malachy Tansey," akasema Devane.

Padri akasita. Alikuwa mgeni, lakini si mgeni kiasi hicho. Kila nyumba hutaja wafu wake, na mfu wa watu hatajwi kwako ila kama kifo chake kiko juu yako. Wazee wa pale walikuwa wamelisikia jambo hilo kwa mababu tu, la mtu aliyemzamisha ndugu yake mtoni. Hakuna aliyekuwa hai aliyewahi kuliona.

"Malachy Tansey," akasema Padri polepole. "Wa... wa nyumba hii?"

"Wa nyumba hii, Padri." Sauti ilikuwa ileile ya mahakamani, ya kusikika mpaka kwenye mabenchi ya juu, ila ilikuwa inapasuka. "Niliuona mkono wake. Mwandike pamoja na wangu. Atajwe humu kila zamu, na baada yangu atajwe na dada yangu."

Attracta alikuwa ameshika ukingo wa meza. Dinny Scully alikuwa akitazama dari, na uso wake umekuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Malachy Tansey, wa nyumba hii," akarudia Padri, na jiko zima likaitikia.

Sabina hakuitikia. Machozi yalikuwa yakimteremka, naye aliyaacha, kwa kuwa kuyafuta kungewajulisha watu. Alikuwa na hasira bado. Alikuwa amedhani kwamba siku neno lile likitoka hasira ingetoka nalo, na kumbe haikutoka. Ilikaa palepale, ila haikuwa peke yake tena.

Mwisho wa misa Padri akatangaza kwamba Aprili, Mungu akijalia, itakuwa kwa Scully.

"Nitafika mapema," akasema Sabina bila kugeuka. "Nisikie na wewe utawataja akina nani."

Kisha vikombe vikaanza kugongana, mayai yakatoka, mkate ukakatwa. Devane akatembea kutoka upande wa moto, bila fimbo, watu wakimpisha. Akasimama mbele ya kiti cha Sabina na kunyoosha mkono wa kulia, vilevile, kama aliyekuwa ameuacha hewani siku ile ya jeneza akarudi kuuchukua.

"Pole kwa msiba, Sabina," akasema.

Ndivyo asemavyo kila mtu pale, na hakuna namna nyingine ya kusema. Sabina akautazama ule mkono kwa muda mrefu, mpaka Attracta akasimama na birika bila kumimina. Kisha akautoa wake kwenye mkoba.

"Umechelewa, Lorcan."

"Nimechelewa."

"Sijakusamehe."

"Sikuja kwa hilo."

Akaushika. Akaushika kwa nguvu zote za mwanamke aliyekamua ng'ombe maisha yake yote, mpaka mzee akakunja uso, na hakuulegeza, naye hakujaribu kuutoa.

"Attracta," akasema Sabina, "hiyo chai inapoa."